Kiti cha Kukunja: Maisha ya Mpima Ardhi Tak Munsik, 1961–2023

Waombolezaji wapendwa, majirani wa Daesin-dong, wapima ardhi mliofanya kazi na marehemu, akina mama wa kanisa, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango kana kwamba mtafukuzwa, leo ni Jumanne, tarehe 10 Oktoba 2023, siku ya tatu ya msiba, na baada ya nusu saa jeneza litatoka katika ukumbi huu kwenda mahali pa kuchomea maiti, likitanguliwa, kama ilivyo desturi yetu, na picha ya marehemu yenye utepe mweusi, mikononi mwa mtu mmoja aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Marehemu hakuacha mtoto wa kuibeba picha hiyo, na tangu juzi watu wamekuwa wakiulizana chini chini ni nani atakayetangulia nayo. Kwa sasa iko kifuani mwa msomaji wa historia hii, Tak Oksun, dada yake wa pekee, ambaye jina lake limeandikwa peke yake kwenye ubao wa wafiwa pale nje, na aliyeagiza liandikwe peke yake ni yeye mwenyewe. Kabla mlango haujafunguliwa, sikilizeni maisha ya mtu huyu, hatua kwa hatua na tarehe kwa tarehe, kwa maana kazi yake ilikuwa kupima, na hakupenda kipimo cha kukisia.

Tak Munsik alizaliwa Ijumaa, tarehe 17 Machi 1961, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha duka la mifarishi, Daesin-dong, mjini Daegu, hatua chache kutoka Soko la Seomun, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Tak Gilsu na marehemu Bi. Ma Bunnam. Mtoto wa kwanza alikuwa msomaji, mwenye umri wa miaka mitano, ambaye aliambiwa amshike mtoto wakati mkunga akinawa, kwa hiyo ieleweke, bila kumvunjia mtu heshima, kwamba mikono ya pili kumgusa marehemu hapa duniani, baada ya ile ya mkunga na hata kabla ya ile ya mama yake, ilikuwa mikono ya dada yake. Wazazi walishinda dukani, na mtoto alishinda mgongoni mwa dada, katika mbeleko ya pamba nyekundu, hadi alipotimiza miaka minne na miguu yake ikawa inaburuzika chini, wanawake wa sokoni wakimtania, "We Oksun, huyo ni mdogo wako au ni kibyongo chako?" naye akiwajibu, "Ni changu, basi."

Kuanzia mwaka 1967 dada alimnyoa mdogo wake kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa mkasi wa dukani wa kukatia vitambaa, juu ya kigoda mbele ya ndoo, na Jumapili ya tarehe 30 Juni 1968 mkasi huo uliteleza ukamchana nyuma ya sikio la kushoto, damu ikashuka hadi kwenye ukosi. "Usilie," dada alimwambia, "ukilia mama atanichapa," na mtoto wa miaka saba akameza kilio chake kama anayemeza dawa, asimwambie mtu, na kidonda kikapona kikaacha kovu la ukubwa wa punje ya mchele. Kovu hilo lilikuwa siri ya watu wawili, na msomaji anaomba mlikumbuke, kwa sababu litarudi.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo Daesin-dong kuanzia Machi 1968 hadi Februari 1974, kisha shule ya kati hadi Februari 1977, kisha shule ya ufundi, fani ya upimaji, alikohitimu mwezi Februari 1980 akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi hamsini na wanane, mwalimu wake akisema kwamba hajaona mkono unaoandika tarakimu kwa unadhifu namna ile. Alitumikia jeshi kuanzia Mei 1981 hadi Februari 1984, na katika miezi hiyo thelathini na mitatu dada yake alikwenda kambini mara tisa, mara zote akiwa na mkasi ndani ya mkoba, na mara zote akizuiwa nao langoni.

Tarehe 1 Aprili 1984 aliajiriwa na kampuni ya upimaji ya hapa mjini, akaitumikia miaka thelathini na saba kamili, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2021, na wenzake waliopo hapa ni mashahidi kwamba hapana mpaka wa kiwanja alioupima Munsik ukaja kugombaniwa. Katika kazi hiyo ndipo lilipomfika jambo lililobadili maisha yake. Nyuma ya kituo cha zamani cha mabasi palikuwa na kichochoro, upana wake mita mbili na sentimita arobaini, chenye vilabu vidogo kumi na saba, kila kimoja na meza tatu au nne na pazia mlangoni badala ya ubao wa jina, na humo walikuwa wakikutana wanaume wanaopenda wanaume, kwa kuwa katika mji mzima hapakuwa na mahali pengine ambapo wangeweza kukaa wakaegemeza bega. Mwezi Aprili 1999 kampuni ilipewa kazi ya kukipima kichochoro hicho kwa ajili ya kubomolewa, pajengwe maegesho ya magari, na aliyekabidhiwa nyundo na misumari ya alama nyekundu alikuwa Munsik, ambaye kwa miaka mingi, bila ya dada yake kujua, alikuwa na meza yake katika kilabu cha tisa kutoka kona ya mashariki.

Alipima. Hakukosea hata sentimita. Jioni ya siku ya mwisho alikuja nyumbani kwa dada yake, akakaa kizingitini na viatu vyake mguuni, akasema, "Dada, leo nimepigilia msumari sakafuni kwangu mwenyewe," na dada, aliyekuwa akimenya vitunguu, hakuuliza maana yake, na kutouliza huko ni mojawapo ya mambo anayoyajutia. Kichochoro kilibomolewa mwaka 2001. Kwa kutumia daftari lake la kazi, marehemu alikichora upya kwenye karatasi, pazia kwa pazia, akiandika rangi ya kila pazia na jina la mama au mzee aliyekuwa akipokea wageni, na ramani hiyo ndiyo mnayoiona imetundikwa pale karibu na maua. Toka siku ile alikuwa akisema kwamba mji hauwachukii watu, mji huwafuta tu, na dawa ya kufutwa ni kusimama mahali palipo wazi, mchana, na kuandikishwa kwamba ulisimama.

Sasa inapasa kuzungumzia ndoa, na hapa wenye kuandika historia za marehemu huandika jina la mke, tarehe na mahali. Kati ya mwaka 1986 na 1994 dada alimtafutia marehemu wachumba sita, wote wasichana wa familia njema, na mara sita marehemu alivaa suti, akanywa chai, akasifu viatu vya msichana, akarudi nyumbani akiwa na adabu zake zote na bila ya mchumba. Dada, ambaye mumewe alifariki mwaka 1989 bila kumwachia mtoto, aliudhika mbele za watu, na moyoni, Mungu amsamehe, alifurahi kila mara.

Ndipo ikafika Jumapili ya mwisho ya mwezi, tarehe 26 Novemba 1995. Kigoda kilikuwa tayari, mkasi umenolewa, na marehemu akaingia akiwa amekwisha kunyolewa.

"Nani kakunyoa?"

"Kinyozi, dada."

"Kinyozi gani? Mkono huu si wa yule wa kituo cha mabasi."

"Kinyozi tu, jamani."

"Kinyozi tu hanyooshi mstari wa kisogo namna hii. Huyu kakaa na kichwa chako kutwa nzima."

Marehemu alicheka akajishika kisogo, na katika namna alivyojishika dada alielewa kila kitu ambacho hakikusemwa. Kazi ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwani ingekuwa mbovu angepata la kurekebisha. Alikirudisha kigoda uvunguni, na mkasi akaufungia kitambaa, baada ya miaka ishirini na minane.

Kinyozi huyo ni Yeo Jaepil, aliyezaliwa mwaka 1968, mwenye duka la kunyolea Namsan-dong, na msomaji amekwisha kuithibitisha tarehe waliyojuana, nayo ni Jumamosi, tarehe 4 Novemba 1995, katika kilabu cha tisa kutoka kona ya mashariki. Mwaka 1998 walihamia pamoja katika nyumba ya juu ya paa, Namsan-dong hiyohiyo, na sikukuu ya mavuno ya mwaka huo, tarehe 5 Oktoba, Jaepil alifika kwa dada amebeba sanduku la mapeasi kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Shikamoo, dada." Dada akamwambia, "Mimi si dada yako," akayapokea mapeasi. Salamu hiyo imetolewa tena kila walipokutana, kwa miaka ishirini na mitano, na haikuitikiwa hata mara moja. Sheria ya nchi haikuwaandika popote watu hao wawili, na msomaji, kusema kweli, aliiona sheria hiyo kuwa rafiki yake.

Kuhusu watoto, marehemu hakuzaa. Vijana wanaokaa karibu na mlango walimwita Mjomba Mpimaji, na aliwafundisha kusoma ramani, kuandika barua ya maombi kwa ofisi za serikali, na kutotupa takataka katika maandamano, kwa maana, alisema, picha ya takataka moja itaishi kuliko hotuba kumi.

Maandamano hayo ya kila mwaka, ya kupita katika barabara kuu ya maduka mchana kweupe na bendera zao, ndiyo yaliyokuwa kazi yake ya pili. Wengi mnajua utaratibu, kwamba anayetaka kukusanya watu barabarani hupeleka taarifa kituo cha polisi, na dirisha la kupokea taarifa hufunguliwa siku thelathini kabla, na pakiwa na wawili wanaoitaka barabara ileile siku ileile, yule aliyetangulia kwenye foleni ndiye mwenye barabara. Mwaka 2016 maandamano yalipangwa kuwa Jumamosi, tarehe 11 Juni, dirisha lifunguliwe Alhamisi, tarehe 12 Mei, asubuhi. Kanisa la msomaji liliamua kuitaka barabara hiyo kwa ibada siku hiyohiyo, na akina mama wakaombwa kuwahi foleni. Msomaji alijitolea wa kwanza, akiwa na miaka sitini, na waliomsifu kwa imani yake hawakujua kwamba hakwenda kupigana na dhambi, alikwenda kupigana na barabara, iliyokuwa ikimnyang'anya yeye mdogo wake kila Jumapili iliyobaki.

Alifika Jumatatu, tarehe 9 Mei, saa kumi na moja na dakika ishirini asubuhi, na mkeka na chupa ya chai, akiamini atakuwa wa kwanza. Ukutani mwa kituo palikuwa na kiti cha kukunja cha rangi ya kijani, na juu yake Yeo Jaepil.

"Shikamoo, dada."

Dada akatandika mkeka wake nyuma ya kiti, wa pili, na kwa siku mbili na nusu akatazama kisogo cha mtu aliyezoea kukitazama kisogo cha Munsik.

Ukutani ilibandikwa karatasi ya kanuni iliyokubaliwa na pande zote mbili, kwa mwandiko wa marehemu mwenyewe, tarakimu zake zimesimama kama askari: kwamba anayefika kwanza ni wa kwanza, kwamba anayeondoka zaidi ya robo saa amepoteza nafasi, kwamba mtu yeyote aweza kumshikia mwenzake nafasi akikubali, na kwamba anayemshikia mwenzake nafasi, mwenyewe akifika, ataondoka bila ubishi. Nyuma ya msomaji walikaa akina mama tisa wa kanisa, na maneno hayakukosekana.

"We kinyozi," mmoja alimwita Jaepil, "unanyoa hata dhambi?"

"Nanyoa ndevu, mama. Dhambi zina mizizi."

"Basi zikunyoe wewe!"

"Zimenijaribu, mama, nikazishinda kwa upara," akavua kofia, na wale wa nyuma wakacheka kabla ya kukumbuka kwamba hawakutakiwa kucheka. Msomaji hakucheka. Kila siku saa sita marehemu alikuja kutoka kazini amevaa fulana yake ya kazi, akileta mandu bapa za unga, zilizojazwa tambi na kukaangwa, katika visanduku viwili, kimoja cha dada na kimoja cha Jaepil, na alikuwa akimpa dada kwanza, kama inavyopasa. Lakini kifuniko cha kile cha Jaepil alikifungua mwenyewe.

Jumatano, tarehe 11 Mei, siku moja kabla ya dirisha kufunguliwa, saa sita na robo, marehemu alifika akiwa amejikunja, visanduku vikamponyoka, naye akaanguka juu yavyo, kidole tumbo kimepasuka. Gari la wagonjwa lilikuja upesi. Wenzake Jaepil wengine walikuwa makazini hadi jioni, na akiondoka yeye kwa zaidi ya robo saa, nafasi ya kwanza ingekuwa ya kanisa. Jaepil alimgeukia msomaji, uso wake hauna damu.

"Dada, nakuomba. Nishikie nafasi, niende naye."

"Nikushikie wewe? Huko watataka sahihi ya ndugu. Wewe ni nani yake?"

Hapakuwa na karatasi yoyote nchini iliyoandika yeye ni nani. Lakini marehemu, kutoka kwenye machela, alifumbua macho akasema, "Jaepil, kaa. Usiondoke hapo," na Jaepil akakaa kwenye kiti chake cha kijani, mikono magotini, machozi yakimtiririka bila kufutwa, naye dada akapanda gari la wagonjwa kwa ushindi. Ushindi huo ulidumu hadi taa ya kwanza ya barabarani. Hapo alitambua kwamba yeye amekabidhiwa mwili, ambao humwangukia yeyote aliye ndugu, bali Jaepil amekabidhiwa kile alichokipenda marehemu kuliko mwili wake. Alitia sahihi, akangoja saa nne ukumbini, na marehemu alipozinduka, mwenye kungoja akitarajia jina lake au la mama yao, neno la kwanza lilikuwa, "Foleni?"

Foleni ilishikwa. Taarifa ilipokelewa Alhamisi asubuhi, mwenye kuipeleka akiwa Yeo Jaepil, na tarehe 11 Juni marehemu alitembea, bandeji chini ya shati, mita mia nane na kumi na mbili alizokuwa amezipima mwenyewe kwa gurudumu lake. Msomaji alikuwa ukingoni mwa barabara na bango la kanisa. Marehemu alipunga mkono upande ule, na hadi leo dada hajui kama alimpungia yeye, au alimpungia Jaepil aliyesimama hatua tatu mbele yake na chupa ya maji.

Ugonjwa wa marehemu ulianza kwa maumivu ya tumbo mwezi Februari 2023, na tarehe 21 Aprili madaktari wakauita kwa jina lake, saratani ya kongosho. Tarehe 2 Agosti alilazwa, wodi ya ghorofa ya kumi, ambako kila mgonjwa aliruhusiwa mwangalizi mmoja tu mwenye kadi ya kuvaa shingoni, na kadi hutolewa kwa anayeandikwa na ndugu. Msomaji aliandika jina lake. Marehemu alimtazama akiandika, akasema tu, "Dada," kwa sauti ndogo, naye akajifanya hakusikia. Siku sitini na moja alilala kwenye kitanda chembamba kando ya mdogo wake, akamlisha uji, akamgeuza, akampangusa, na zilikuwa, msimshangae, siku za furaha.

Kila asubuhi marehemu aliomba kitanda kigeuzwe dirishani, na dada akadhani anautazama mlima Palgong. Tarehe 19 Agosti alifuata macho yake, akaona kwamba hayatazami mbali, yanatazama chini, ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la dawa, ambako palikuwa na kiti cha kukunja cha kijani na mtu mwenye kofia. Dada alivuta pazia. Kesho yake kiti kilikuwa palepale, na keshokutwa, na pazia likavutwa kila siku, kwa mkono huu ulioshika karatasi hii.

Siku ya sikukuu ya mavuno, tarehe 29 Septemba, mji ulikuwa umetulia, kila mtu yuko kwao, duka la dawa limefungwa, na kiti kilikuwa na mtu wake. Nywele za marehemu zilikuwa zimeota tena baada ya dawa za saratani zilizozipukutisha kusitishwa, nyepesi kama za mtoto, na dada alikuja na ule mkasi wa dukani, akiwa ameufungua kutoka kitambaa chake baada ya karibu miaka ishirini na minane. Alimkalisha, akamfunga taulo, akaanza mbele, juu ya paji. Marehemu aliinua kidole akagusa nyuma ya sikio lake la kushoto.

"Jaepil huanzia hapa," alisema.

"Kila kinyozi ana mwanzo wake," dada akajibu, akaendelea kukata.

"Siku ya kwanza kabisa aliliona kovu, akauliza. Nikamwambia. Tangu hapo huanzia hapa, polepole, kila mwezi. Husema, 'Hapa ni mahali pa dada, nikipaharibu hapa sina pa kusimama.'"

Dada alimaliza kunyoa. Alizikusanya nywele ndani ya taulo, akakaa nazo. Miaka ishirini na minane alidhani kwamba kichwa kile kimechukuliwa chote, na kumbe kila mwezi, katika duka asilowahi kuingia, mtu aliyemnyima hata jibu la salamu alikuwa akimtunzia mahali pake, pa ukubwa wa punje ya mchele. Alipaswa kushuka palepale. Wivu ulimshika siku tatu zaidi.

Jumatatu, tarehe 2 Oktoba, saa mbili asubuhi, alivuka barabara. Jaepil aliinuka, akainama. "Shikamoo, dada." Dada hakuitikia; alivua kadi shingoni, akamvika.

"Nimebadilisha jina pale mapokezi. Nenda."

"Na wewe, dada?"

"Nakushikia nafasi. Nenda, kabla sijabadili nia."

Akakaa kwenye kiti cha kijani, ambacho ni kigumu na chenye mguu mmoja mfupi. Alikaa hapo kila siku, kuanzia asubuhi hadi giza, siku saba. Pazia la ghorofa ya kumi lilifunguliwa, na pale dirishani alikuwa akiona vichwa viwili vikitazama chini, na mara nyingine mkono, na kusema kwamba wivu ulimwisha itakuwa uongo mbele ya maiti. Hakuondoka.

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 8 Oktoba 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mikononi mwa Yeo Jaepil. Dada hakuwepo chumbani. Alijua alipoona dirishani kichwa kimoja.

Kwa hiyo mikono ya mwanzo ilikuwa ya mmoja, na ya mwisho ya mwingine, na dada, akihisi amepunjwa kifo hicho, alikuja kwenye ukumbi huu akaandikisha jina lake peke yake, akaichukua picha, akaikumbatia siku tatu, ili angalau picha isiwe ya mtu mwingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa ghorofa ya kumi, ambao walimgeuza marehemu dirishani hata pale dada alipokuwa amelala. Mwenye duka la dawa, aliyekiachia kiti mlango wake na kukiazima mwavuli. Majirani wa Daesin-dong na wa Namsan-dong. Wapima ardhi wenzake, waliokuja na gurudumu lake la kupimia na kuliweka kando ya jeneza. Akina mama wa kanisa mliofika, nanyi mnajua ilivyowabidi kufikiri kabla ya kufika. Na ninyi vijana, ambao mnaombwa msogee mbele, kwa maana hamna atakayewafukuza.

Imebaki karatasi ya kanuni, ambayo msomaji aliibandua ukutani mwaka 2016 kwa hasira na kuihifadhi kwa sababu ya mwandiko. Amepima kwa kufuata kanuni hizo. Tangu tarehe 17 Machi 1961 hadi tarehe 4 Novemba 1995 ni miaka thelathini na minne, miezi saba na siku kumi na nane, na tangu hapo hadi juzi ni miaka ishirini na saba, miezi kumi na moja na siku nne, kwa hiyo katika kufika, dada ndiye wa kwanza, wala hatakubali kuambiwa vingine. Lakini kanuni ya nne inasema kwamba anayemshikia mwenzake nafasi, mwenyewe akifika, ataondoka bila ubishi. Mwenyewe alifika zamani. Ubishi ndio uliochukua miaka yote hii.

Mwenye ukumbi anaombwa aongeze jina ubaoni kabla hatujatoka, liwe sambamba na la msomaji, si juu yake. Na wewe, Yeo Jaepil, uliyekaa pale kwenye rafu ya viatu bila kitambaa cha mfiwa mkononi, salamu yako ya tarehe 5 Oktoba 1998, na zote zilizofuata, zimepokelewa: marahaba. Inuka, mdogo wangu, njoo upokee picha. Tangulia wewe, dada atakuwa nyuma yako, wa pili, akikitazama kisogo chako kama siku zile, na ukienda kwa haraka atakuonea gere, basi nenda polepole.

Munsik, mlango unafunguliwa. Ulipo sasa hakuna atakayepigilia msumari. Pumzika kwa amani.